Amani ya Katanika iandikwe shambani na sokoni

Hakuna mkulima aliyehamia Katanika kwa kupenda. Hapo, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Kalemie, ndipo vita kati ya Watwa na Waluba vilipowakusanya maelfu ya watu waliokuwa na mashamba, mbuzi na nyumba huko walikotoka. Walijenga vibanda vya nyasi, wakaezeka kwa turubai, wakaanza kungoja mgao wa unga. Katanika ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi wa ndani katika jimbo zima la Tanganyika, nchini Kongo.

Maoni yetu ni haya: vita hivi vilianzia kwenye riziki, vikaangamiza riziki, na havitakwisha kabisa mpaka mapatano ya riziki yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mahali watu wanapopita. Mikutano ya kushikana mikono imefanyika ya kutosha. Kinachokosekana ni kanuni za ardhi, ushuru, ujira na soko, ambazo Mtwa na Mluba wote wawili wanazijua na wanaweza kuzidai bila kuogopa.

Tukumbushane yaliyotokea. Mapigano yalianza mwaka 2013 kaskazini mwa Katanga ya zamani, katika teritori za Manono, Kabalo na Nyunzu. Tarehe 30 Aprili 2015 wapiganaji wa Kiluba waliivamia kambi ya Watwa ya Vumilia, huko Nyunzu, kwa mapanga, mishale na mashoka. Watu wasiopungua 30 waliuawa. Mwaka huohuo Katanga iligawanywa, na Tanganyika ikawa jimbo lenye teritori sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Jimbo lilirithi vita kabla halijapata ofisi. Katikati ya mwaka 2016 mapigano yalipamba moto upya, na mwaka uliofuata vijiji vya jirani na Kalemie yenyewe vilikuwa vinaungua.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo mtu wa mbali hulisikia na kucheka. Oktoba 2016, huko Kabalo, watu wasiopungua 16 waliuawa katika mapigano yaliyotokana na ushuru wa viwavi. Watu wauane kwa ajili ya viwavi? Anayeuliza hivyo hajaishi kwenye misitu ya miombo. Kiwavi ni nyama ya mtu asiye na mbuzi. Huokotwa mitini bila gharama, huchemshwa, hukaushwa juani, huliwa na bukari (ugali), na kinachobaki hupelekwa sokoni. Kwa familia ya Kitwa isiyo na shamba, msimu wa viwavi ndio msimu wa fedha: hapo ndipo hupatikana chumvi, sabuni, nguo na dawa ya mtoto. Waluba walipotaka kuutoza ushuru mzigo huo, Watwa waliona wanafuatwa hadi porini, mahali pekee walipokuwa hawana bwana.

Ushuru ule uliwasha moto kwenye kuni zilizokwisha kukauka. Watwa, ambao sehemu hizi huitwa pia Wambote, walikuwa wawindaji, warina asali na wajuzi wa dawa za miti. Msitu ulipopungua kwa ajili ya mashamba, makala na machimbo, walisogea kandokando ya vijiji vya Wabantu, wakiwamo Waluba. Walisogea bila ardhi. Kwa mila, ardhi ina chifu, na chifu huyo si Mtwa. Basi Mtwa akawa mtu wa kibarua: analima shamba la mwenzake, na jioni analipwa mihogo, chumvi, nguo kuukuu au lutuku (pombe kali ya kienyeji), mara nyingi bila hata faranga moja. Mwanamume wa Kiluba anaweza kumchukua binti wa Kitwa. Kijana wa Kitwa akimtaka binti wa Kiluba anaonekana amevuka mpaka. Shuleni, zahanatini na kwenye baraza la kijiji, Mtwa alizoea kukaa nyuma au kutokwenda kabisa.

Kusema hivyo si kumgeuza kila Mluba kuwa mnyonyaji. Mluba wa kijijini naye ni maskini. Anashika jembe la mkono, anategemea mvua, anauza gunia la mahindi kwa bei anayopangiwa na mwenye lori. Wanamgambo wa Kitwa walipojipanga, wakajulikana kwa jina la Perci, hawakuchagua mnyonyaji wa kumchoma nyumba. Walichoma kijiji kizima. Nao vijana wa Kiluba waliojiita Elements walilipiza kwa Mtwa yeyote waliyekutana naye. Pande zote mbili ziliua, zilibaka na zilipora. Anayetaka kuandika historia ya upande mmoja ataipata, ila haitamsaidia mtu kurudi shambani.

Sasa tuitazame riziki yenyewe, kwa sababu hasara ya vita vya namna hii haionekani yote kwenye hesabu ya waliokufa.

Muhogo huweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi kabla haujavunwa. Hiyo ndiyo faida yake wakati wa amani: ni akiba isiyohitaji ghala. Wakati wa vita ni hasara yake. Aliyekimbia ameacha chakula cha mwaka mzima ardhini, na atakayekichimba ni yule aliyebaki na silaha. Mahindi yanahitaji mbegu, na mbegu huliwa njiani njaa inapozidi. Mbuzi na kuku, ambao ni benki ya mwanakijiji, huibiwa siku ya kwanza. Msimu wa kupanda hauwangojei wakimbizi. Mvua za mwishoni mwa mwaka zikipita bila jembe kuingia ardhini, familia imepoteza zaidi ya mavuno ya mwaka huo. Imepoteza pia mbegu ya mwaka unaofuata, ada ya shule na mahari ya kijana.

Mtwa naye hakubaki na neema. Alikimbilia msituni au kambini, na kote huko alikosa mnunuzi. Asali, nyama ya porini, viwavi na dawa za miti vina thamani pale tu palipo na soko, na soko lilikuwa kijijini kwa Mluba. Mkulima naye alikosa mikono ya kupalilia na kuvuna. Watu hawa wawili waliwahi kula kwenye uchumi mmoja, uchumi usio na haki lakini uliowalisha wote. Walipoubomoa, kila upande ulijikuta na nusu isiyoweza kusimama peke yake.

Kambini mambo yakawa mengine. Mkulima wa Nyunzu aliyefika Katanika alikuta ardhi ya watu wengine. Ili apate kipande cha kulima ilibidi akodi, au afanye kibarua kwa wenyeji kwa ujira mdogo, yaani aishi maisha yaleyale aliyokuwa akiishi Mtwa kijijini kwake. Wengine waliingia kwenye kuni na makala, na miti ya kuzunguka mji ikalipa gharama. Wanawake waliokwenda mbali kutafuta kuni walikutana na watu wenye silaha. Madarasa yaligeuzwa mabweni. Kipindupindu, ambacho hakijawahi kuwa mgeni katika mji huu wa kando ya ziwa, kilipata msongamano kinaoupenda. Na mjini Kalemie, mama aliyezoea mihogo, mahindi na mawese kutoka barabara ya Nyunzu alilazimika kununua kidogo kwa bei kubwa, kwa kuwa shamba linalolisha mji lilikuwa limegeuka uwanja wa mapigano.

Ukubwa wa janga hilo unajulikana. Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliiweka Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu Kusini, kwenye ngazi ya juu kabisa ya dharura, ngazi ileile iliyotumika kwa Syria na Yemen. Februari 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema waliokimbia makwao jimboni walikuwa wamefika 630,000.

Takwimu hiyo ya Februari 2018 ina somo lingine. Mwaka mmoja kabla yake, Februari 2017, wakuu wa jamii hizi mbili na wa serikali walikuwa wamekutana hapa Kalemie kuzungumzia amani. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mwaka huohuo ukaendelea kuwa mwaka wa kukimbia. Hatusemi mkutano ule ulikuwa wa bure. Watu wakizungumza, angalau hawapigani kwa saa hizo. Tunasema mkutano wa mjini haumfikii mwenye panga aliye kilomita 100 kutoka lami, kama nyumbani kwake bado hana shamba, bado analipwa lutuku na bado mzigo wake unatozwa na kila mwenye kofia.

Baada ya hapo yalikuja mabaraza ya vijijini, kamati zenye Watwa na Waluba zinazokaa pamoja kusikiliza kesi ndogo kabla hazijawa kubwa. Hiyo ilikuwa hatua njema, kwa sababu iliipeleka amani karibu na mahali inapovunjika. Watu wengi walirudi makwao. Hata hivyo sehemu za Nyunzu, Kongolo na Kalemie ziliendelea kusumbuliwa na wenye silaha, na mwishoni mwa Juni 2022 askari wa Umoja wa Mataifa (MONUSCO) waliondoka jimboni. Tangu siku hiyo hakuna tena wa kuegemea. Jimbo limebaki na serikali yake, machifu wake na watu wake. Ni lazima wao wenyewe wajue wanachotaka kuandika.

Sisi tunaona mambo sita.

La kwanza ni ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola na ikaahidi kwamba haki za mila zingewekewa utaratibu kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo, na wanakijiji wakaachwa kati ya chifu na mwenye muhuri. Katika pengo hilo, aliyeumia zaidi ni yule asiye na chifu wa kwake. Sasa njia zipo. Amri ya serikali ya Agosti 2014 inaziruhusu jamii za wenyeji kupewa misitu ya jamii, hadi hekta 50,000. Sheria ya 15 Julai 2022 inalinda na kukuza haki za Wambilikimo, ambao Watwa ni miongoni mwao. Jimbo lichukue karatasi hizo mbili, liende Nyunzu, Manono na kandokando ya Kalemie, likae na machifu, lipime misitu na vipande vya kulima, na liwape Watwa hati. Hati ya pamoja inawezekana. Nchini Tanzania, mwaka 2011, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wawindaji na warina asali kama Watwa, walipewa hati ya haki miliki ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao. Hawakulazimishwa kuwa wakulima kwanza ndipo wapewe. Walipewa kwa jinsi walivyo.

Pamoja na hati kuwe na mahali pa kushtakia. Hukohuko Tanzania, sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Haikuzuia kila ugomvi: mwaka uliofuata, huko Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Somo la Kilosa ni kwamba sheria iliyobaki kabatini haizuii mkuki. Mabaraza ya jimbo letu la Tanganyika yapewe nguvu ya kisheria, yawe na viti vya Watwa na viti vya wanawake, na uamuzi wake juu ya mpaka wa shamba uandikwe kwenye daftari linalotunzwa ofisi ya sekta.

La pili ni ushuru. Kila soko la jimbo libandike ukutani orodha ya ushuru halali, kwa Kiswahili, na kiasi chake kwa faranga. Asiyetoa stakabadhi asilipwe. Kinachookotwa msituni kwa ajili ya chungu cha nyumbani kisitozwe kabisa. Bariyeri (vizuizi) zisizo na kibali kwenye barabara ya Nyunzu na ya Bendera ziondolewe, zikiwamo zile zinazosimamiwa na wenye sare. Tumeona ushuru wa viwavi ulivyogharimu. Hakuna hazina ya serikali iliyowahi kutajirika kwa viwavi.

La tatu ni ujira. Kibarua kilipwe kwa faranga, siku ileile, kwa kiwango kilichokubaliwa na baraza la kijiji mwanzoni mwa msimu. Anayetaka kulipwa kwa mihogo akubaliwe kwa hiari yake. Lutuku isihesabiwe kuwa malipo. Kanuni hii haihitaji mhisani wala semina. Inahitaji kapita, yaani mkuu wa kijiji, aitangaze, na padri, mchungaji na shehe waihubiri.

La nne ni soko. Katika hili, nchi ya Kenya ina la kutufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, zilikuwa zikiuana. Mwaka 1993 kikundi cha wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, kilikaa chini na kuanza na mambo ya soko: kila mwanamke, wa ukoo wowote, aachwe auze na anunue. Wakaweka watu wa kulisimamia jambo hilo kila siku. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kutoka kwa wazee wakaenda kwa vijana, na mwaka huohuo koo zikafikia Azimio la Al Fatah. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, lakini kazi ilifanywa na wanawake wengi wasiotajwa popote. Wanawake wa Katanika wanajua jambo hili bila kufundishwa. Likelemba (upatu) ya wauza mboga haimuulizi mwanachama kabila lake, inamuuliza kama amelipa. Jimbo na mashirika yanayotafuta pa kuanzia yaanze na vikundi hivyo, yavipe mtaji, na yashurutishe jambo moja tu: viwe na wanachama wa jamii zote mbili.

La tano ni haki. Baraza linaweza kuamua kesi ya mbuzi, mpaka au tusi. Haliwezi kusamehe mauaji na ubakaji kwa niaba ya aliyefanyiwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Lubumbashi ilianza kusikiliza kesi ya washtakiwa 34, Waluba na Watwa, walioshtakiwa kwa mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Ilikuwa hatua kubwa, na ilionyesha kwamba sheria inaweza kuzitazama pande zote mbili kwa jicho moja. Lakini Lubumbashi ni mbali, na mjane wa Nyunzu hana nauli. Mahakama zitembee, zije zilipo maiti na mashahidi. Kijana asiye na damu mikononi apewe njia ya kutoka: mpango wa taifa wa kuwapokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji kwenye jamii, ulioanzishwa Julai 2021, ufike kwa Perci na Elements ukiwa na jembe, mbegu na kazi ya barabara, wala usiishie kwenye orodha za majina.

La sita ni kurudi. Anayesema kambi zifungwe ana haki ya kuchoka nazo, lakini kumwondoa mkimbizi ni kazi ya siku moja, na kumrudisha mkulima ni kazi ya misimu miwili. Anayerudi afike kabla ya mvua. Afike na mbegu, jembe na chakula cha kumfikisha kwenye mavuno ya kwanza. Msaada ugawiwe kwa Mtwa na Mluba wa kijiji kimoja, mbele ya baraza, kwa orodha iliyosomwa hadharani, kwa kuwa msaada wa upande mmoja umekwisha kuzaa kinyongo mara nyingi. Na kabla ya yote, barabara iwe salama. Kama salongo (kazi ya pamoja) ya kufyeka na kuziba mashimo itawaweka vijana wa jamii mbili kwenye koleo moja kwa wiki tatu, na wakalipwa, hiyo ni amani inayoonekana kwa macho na inayoacha njia ya lori kupita.

Tunajua majibu tutakayopewa. Machifu watasema ardhi ni ya mababu. Ni kweli, na hakuna anayetaka kuwapokonya. Ila chifu wa kijiji kilichohama hana wa kumletea sehemu ya mavuno, hana wa kumsalimu, na msitu wake unakatwa na wachoma makala asiowajua. Chifu anayempa Mtwa mahali pa kukaa anapata mwanakijiji. Anayemkatalia anapata adui aliye karibu, na miaka ile mibaya imeonyesha gharama ya adui wa aina hiyo.

Wapo watakaosema Watwa hawapendi kulima, wanapenda kuzunguka. Maneno hayo husemwa na watu ambao mashamba yao yamelimwa na Watwa. Mtu anayelima shamba la mwenzake kuanzia mapambazuko hadi jua kali hakosi kujua jembe, anakosa shamba. Na yule anayetaka kubaki na msitu wake, asali yake na mitego yake, naye ni raia anayejitafutia riziki. Sheria ya 2022 imekwisha kumtambua. Aliyebaki nyuma ni jirani yake.

Serikali nayo itasema hazina ni tupu. Tuhesabu. Orodha ya ushuru ukutani ni karatasi na gundi. Kitabu cha stakabadhi ni fedha ndogo. Kanuni ya kulipa kibarua kwa faranga haina gharama yoyote kwa Dola. Daftari la mabaraza, viti vya wanawake na vya Watwa, kusoma orodha ya msaada hadharani: vyote hivi vinadai nia kuliko fedha. Penye gharama ya kweli, yaani kupima ardhi, kutembeza mahakama na kutengeneza barabara, ndipo wahisani waombwe, na waombwe kwa jambo linalotajwa kwa jina lake. Wametoa fedha nyingi kwa unga na turubai. Turubai huchanika baada ya mvua chache. Hati ya ardhi hurithiwa.

Neno kwa wenzetu wa mji. Mtu wa Kalemie hupenda kuuona ugomvi huu kama mambo ya watu wa porini. Lakini bei ya mihogo sokoni, watoto wanaozurura bandarini, kipindupindu cha kila msimu na uchache wa miti kwenye vilima vinavyouzunguka mji vyote vina mizizi katika mashamba yaliyoachwa. Ziwa lenyewe limekwisha kutuonya: maji yake yalipopanda katika miaka ya hivi karibuni yaligharikisha nyumba za kandokando bila kumuuliza mtu kabila lake, na watu wa mji nao wakajua maana ya kuhama. Aliyewahi kuhamishwa na maji hana sababu ya kumdharau aliyehamishwa na moto.

Tunamwomba gavana na bunge la jimbo waweke mambo haya sita katika uamuzi mmoja wa jimbo, wautoe kabla ya msimu ujao wa kupanda, na wautangaze kwa Kiswahili kwenye kila soko na kila redio ya eneo. Tunawaomba machifu wa Kiluba wawe wa kwanza kuutia saini vijijini mwao, na wakuu wa Watwa wawe wa kwanza kuwaambia vijana wao kwamba upinde hauna tena kazi ya kulinda. Na wewe msomaji mwenye shamba, usisubiri gavana: yeyote atakayekulimia msimu huu, mlipe kwa faranga, mlipe siku hiyohiyo, na umwite kwa jina lake.